Kozi za bangi vyuoni Marekani: Maryland na Northern Michigan tukizipima kwa kemia yake

Anayetafuta shahada kamili ya sayansi ya bangi Marekani, si cheti cha wiki mbili cha mtandaoni, hukutana mapema na majina mawili. La kwanza ni Shule ya Famasia ya Chuo Kikuu cha Maryland, iliyoanza kufundisha shahada ya uzamili ya sayansi na tiba ya bangi mwaka 2019. La pili ni Northern Michigan University, kilichopo Marquette kando ya Ziwa Superior, kilichofungua shahada ya kwanza ya kemia ya mimea dawa mwaka 2017. Tunazipima kwa swali moja: je, mwanafunzi akitoka hapo ataweza kuitazama namba iliyoandikwa kwenye chupa au pakiti, akaeleza imepatikanaje na wapi inaweza kudanganya?

Jibu letu ni hili. Northern Michigan inamfaa anayetaka mikono yake ijue mashine. Maryland inamfaa mfamasia, muuguzi, daktari au mtunga sera anayetaka kujua dawa hii inafanya nini ikishaingia mwilini. Ukienda Maryland ukitarajia maabara, au Marquette ukitarajia kliniki, utakuwa umelipia kitu ambacho hukukihitaji.

Kuhusu maneno: bangi hapa ni mmea wote, Cannabis sativa. Ile aina yenye kidogo THC, kemikali ya bangi inayolevya, ambayo sheria ya kilimo ya Marekani ya 2018 iliiwekea mpaka wa 0.3% ya delta-9-THC (ndiyo THC hiyo hiyo) kwa uzito mkavu, tutaiita hempu. Wapo wanaoiita katani, lakini kwa Mtanzania katani ni mkonge wa Tanga na Morogoro, mmea usio na undugu wowote na bangi. Ukitafsiri hivyo unampeleka msomaji shamba lisilo lake.

Somo la kwanza ambalo mwalimu wa kemia ya dawa akilikosea, mengine yote yanayumba, ni namba 0.877. Ua la bangi likiwa bado bichi halina THC nyingi. Lina THCA, yaani THC iliyobeba kundi la asidi mgongoni. Likipata joto, kundi hilo hutoka kama hewa ya kaboni dioksidi na inabaki THC, ile inayolevya. Uzito wa molekuli ya THCA ni 358.5, wa THC ni 314.5. Gawanya wa pili kwa wa kwanza, unapata 0.877. Kwa hiyo jumla ya THC ni THC iliyopo, ukiongeza THCA iliyozidishwa kwa 0.877.

Chukua ua lenye THCA 22% na THC 1%. Hesabu sahihi ni 1 + 19.3, yaani 20.3%. Mwanafunzi aliyejumlisha tu bila kuzidisha anapata 23%. Sasa weka unyevu: kama ua hilo lina maji 12%, namba ya uzito mkavu ni 20.3 gawanya kwa 0.88, na inakuja 23.1%. Tazama hizo mbili, 23 na 23.1. Moja ni kosa la wazi, nyingine ni jibu halali, na kwenye karatasi ya majibu zinafanana kama pacha. Mwalimu anayesahihisha jibu la mwisho bila kudai njia atampa alama aliyekosea. Siku akiletewa ua lenye unyevu wa 8%, jibu la haki ni 22.1%, lakini yeye ataandika 23 ile ile na hatajua kwa nini maabara ya jirani inampinga. Ndiyo maana tunamwambia kila anayechagua kozi: omba uone zoezi moja la hesabu lililosahihishwa. Ukiona njia imedaiwa hatua kwa hatua, mwalimu huyo anajua kazi yake.

Somo la pili ni kwa nini mashine mbili nzuri zinatoa majibu mawili. Kromatografia ni njia ya kutenganisha kemikali zilizochanganyika ili kila moja ipimwe peke yake. Ile ya gesi huivukiza sampuli kwenye mlango wenye joto la karibu 250 °C. Joto hilo linaivua THCA kaboni dioksidi yake papo hapo, kwa hiyo kinachofika kwenye kigunduzi ni THC. Mwanafunzi anaona kilele kimoja kikubwa, yaani mwinuko kwenye mchoro wa mashine, na kuandika kwamba ua lina THC 18%, ilhali ua lenyewe lilikuwa na asidi karibu tupu. Tena uvuaji huo haukamiliki kila mara. Unategemea usafi wa kioo kidogo kilichomo ndani ya mlango. Kioo kikichafuka, namba inashuka polepole siku hadi siku na mashine haionyeshi dalili yoyote. Unaweza kuizuia asidi isivunjike kwa kuifunika kwanza na kundi la kemikali liitwalo silaili, lakini hiyo ni hatua nzima ya ziada, yenye makosa yake.

Kromatografia ya kimiminika, HPLC kama maabara zote zinavyoiita, haihitaji joto hilo. Asidi inabaki asidi, THC inabaki THC, na kila moja inapata kilele chake. Ndiyo mashine ambayo mhitimu wa fani hii ataishi nayo, na ndiyo tunayoitumia kuupima ufundishaji wa vitendo.

Hivi ndivyo zoezi la maabara linavyotakiwa kwenda. Ua hugandishwa kwanza, kisha husagwa likiwa bado na baridi. Ukilisaga na joto la chumba, utomvu hunata kwenye kuta za kisagio, na utomvu ndimo kemikali zenyewe zilimo; unapima majani huku dawa imebaki kwenye chuma. Unapima miligramu 200, unaongeza mililita 20 za methanoli, unatikisa, kisha unaweka kwenye bafu la mawimbi ya sauti kwa dakika 15. Bafu hilo hupata joto likiendelea kufanya kazi, kwa hiyo weka barafu ukiwa na sampuli nyingi za mfululizo, la sivyo ya mwisho haitakuwa imetendewa sawa na ya kwanza. Baada ya hapo zungusha kwa sentrifuji ili mashapo yakae chini, kisha punguza ukali kwa kuongeza methanoli, kisha chuja kwa kichujio cha PTFE chenye matundu ya mikromita 0.22, ukimwaga matone ya mwanzo.

Hapo kwenye kupunguza ukali ndipo wengi huanguka. Miligramu 200 zenye THCA 22% zina miligramu 44 za THCA. Ndani ya mililita 20 hiyo ni mikrogramu 2,200 kwa mililita. Kama mstari wako wa vipimo, ule uliochorwa kwa viwango unavyovijua ili kulinganishia sampuli, unaishia mikrogramu 100 kwa mililita, lazima upunguze mara 50 ili ufike 44, katikati ya mstari, pazuri kabisa. Lakini kwa kufanya hivyo, THC yenyewe ya 1% imeshuka hadi mikrogramu 2, na CBD, kemikali nyingine ya bangi isiyolevya, ya 0.1% imefika 0.2, chini ya mwanzo wa mstari unaoanzia 0.5. Mwanafunzi ataandika kwamba CBD haikuonekana. CBD ipo, yeye ndiye ameizamisha. Suluhisho ni kudunga mara mbili, moja iliyopunguzwa mara 50 kwa ajili ya THCA na nyingine mara 5 kwa hizo ndogo. Mwalimu aliyefanya kazi hii huliweka hilo kwenye maelekezo ya zoezi tangu mwanzo, au bora zaidi, humwacha mwanafunzi alione mwenyewe kisha amuulize CBD imekwenda wapi.

Kwenye mashine: kolamu ya C18 (bomba lililojaa chembe zenye mikia ya mafuta, ambamo kemikali hutenganishwa), kiyeyusho cha maji na asetonaitraili, vyote vikiwa na asidi ya fomiki 0.1%, kigunduzi cha mwanga kwenye nanomita 228. Kasoro moja inafundisha kuliko mihadhara mitatu. Asubuhi moja vilele vya THCA na CBDA (CBD iliyobeba asidi) vimetoka mapema kuliko kawaida na kuwa vipana, lakini vya THC na CBD vimekaa palepale. Asiyejua ataanza kubadilisha kolamu, kitu cha bei. Anayejua atauliza: ni nani aliyetengeneza kiyeyusho jana, na asidi ya fomiki aliiweka? Asidi ikikosekana, THCA na CBDA hupoteza protoni, hupata chaji, na kolamu ya mafuta haizishiki tena vizuri. Zisizo asidi hazina habari na mabadiliko hayo. Kwa kuangalia ni vilele gani vimehama na vipi vimebaki, unajua ugonjwa kabla hujafungua mashine.

Kasoro nyingine hutokea kwenye chupa ndogo ya kemikali rejea, ile safi ya kulinganishia, yenye miligramu 1 kwa mililita. Ikifunguliwa na kufungwa mara kwa mara, methanoli huvukia na kilichobaki kinakuwa kikali kuliko lebo inavyosema. Matokeo yake sampuli zote zinaonekana dhaifu kuliko zilivyo. Mwanafunzi atalilaumu ua, mkulima ataandika malalamiko, na kisa kizima ni kifuniko.

Sasa turudi kwenye kozi zenyewe.

Northern Michigan iliijenga shahada yake juu ya kemia ya uchambuzi, kemia ya kaboni na botania, pamoja na njia ya pembeni kwa wanaotaka upande wa biashara. Ni shahada ya kuhudhuria, huko huko Marquette, kwenye baridi kali ya Michigan ya juu. Ilianza mwaka 2017, baada ya Michigan kuruhusu bangi ya tiba (2008) na kabla wapiga kura hawajaruhusu ya watu wazima kwa ujumla (Novemba 2018). Kwa sababu ya sheria ya shirikisho, tangu mwanzo chuo kiliweka wazi kwamba wanafunzi hawatalima bangi chuoni, watasoma mimea mingine yenye kemia inayofanana.

Wapo wanaoliona hilo kama upungufu mkubwa. Sisi hatulioni hivyo. Kolamu haijui jina la mmea. Humuli wa kutengenezea bia ni wa familia moja na bangi, na mafuta yake yamejaa mirsini, humulini na kariofilini, zile zile zinazonukisha bangi. Na kama mwanafunzi ametoka Unguja au Pemba, kariofilini hiyo anaijua kwa pua tangu utotoni: imo kwenye karafuu, nyuma ya yujenoli, kemikali yake kuu. Imo kwenye pilipili manga pia. Tangu 2008 inajulikana kwamba beta-kariofilini hushika kipokezi cha CB2, kimoja kati ya vipokezi viwili ambavyo kemikali za bangi huvishika mwilini. Mwalimu mwerevu anaweza kufundisha kukamua, kutenganisha na kupima kwa konzi ya karafuu, na hakuna sheria ya nchi yoyote itakayomgusa. Kinachokosekana kwenye karafuu ni zile asidi zinazovunjika kwa joto, na hapo ndipo hempu au chupa za kemikali rejea zinapohitajika.

Kwa hiyo kwa Northern Michigan swali letu kuu si mmea gani unatumika, ni saa ngapi mwanafunzi mmoja anakaa mbele ya mashine. Kundi la watu wawili kwa HPLC moja linajifunza. Kundi la watu wanane linaangalia mwenzao mmoja akijifunza. Uliza hilo kabla ya kulipa chochote, na uulize pia kama mwanafunzi huandaa kiyeyusho na mstari wa vipimo mwenyewe au anakuta fundi ameshaandaa kila kitu.

Maryland ni kitu kingine kabisa. Shule yake ya famasia ina asili ya mwaka 1841, moja ya kongwe zaidi Marekani, na hilo linaonekana kwenye mwelekeo: bangi inafundishwa kama dawa, pamoja na sheria na sera zake. Ni miaka miwili, sehemu kubwa mtandaoni, na inampokea hata asiye na shahada ya sayansi. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi 150. Kwa muuguzi anayefanya kazi zamu za usiku Minneapolis au Columbus, utaratibu huo unawezekana, wa Marquette hauwezekani.

Nguvu ya mtaala wa namna hii ni pale unapoichukua bangi ikiwa tayari ni dawa iliyosajiliwa na kuifuata hadi kwenye kijiko cha mgonjwa. Mfano bora wa kufundishia ni Epidiolex, CBD iliyosafishwa, iliyoidhinishwa na mamlaka ya dawa ya Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha watoto, Lennox-Gastaut na Dravet. Ina miligramu 100 kwa mililita. Dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 50 kila mara, yaani nusu mililita. Nusu mililita haipimwi kwa kijiko cha chai, ambacho kinabeba karibu mililita 5; mzazi akikosea hapo anatoa dozi mara kumi. Mwalimu anayetoka famasia atakuambia hili kabla hajataja kipokezi chochote, na atakutaka umwonyeshe mzazi bomba la sindano lisilo na sindano na mstari wa kuishia.

Kisha anakuja kwenye chakula. CBD ni kitu cha mafuta, haipendi maji. Ikinywewa pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachofika kwenye damu huongezeka karibu mara nne. Mtoto anayepewa asubuhi kabla ya uji mwepesi na jioni baada ya wali wa nazi anapata dozi mbili tofauti kutoka chupa ile ile. Ushauri si lazima ale mafuta. Ushauri ni afanye namna moja kila siku. Na kwa kuwa kibebeo cha dawa yenyewe ni mafuta ya ufuta, swali la mzio wa ufuta halina budi kuulizwa.

Halafu dawa zinazogongana. Mtoto huyo huenda tayari anatumia klobazamu, dawa nyingine ya kifafa. CBD hukizuia kimeng'enya cha ini, CYP2C19, kinachoondoa zao la klobazamu lililo hai, na zao hilo linaweza kupanda mara tatu kwenye damu. Mtoto analala kupita kiasi na mama anadhani CBD ndiyo inayomlaza. Kinachotakiwa ni daktari kuangalia upya dozi ya klobazamu. Akiwa kwenye valproeti, nayo ya kifafa, hatari iko kwenye ini, na vipimo vya ini vinafanywa kabla ya kuanza na kuendelea baadaye. Kwa mtu mzima anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, CBD inaweza kuongeza ukali wa warfarini, kwa hiyo INR, kipimo cha kasi ya damu kuganda, inafuatiliwa kwa karibu. Haya ni mambo ya kuokoa maisha, na kozi inayoyafundisha vizuri inastahili ada yake hata kama mwanafunzi hajashika pipeti.

Somo la THC ya kumeza nalo tunalitazama sana, kwa sababu ndilo linalowapeleka watu hospitali. Ikivutwa, inafika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Ikiliwa, inaweza kuchukua kati ya nusu saa na saa mbili, inapitia ini kwanza, na ini linaigeuza kuwa 11-haidroksi-THC, ambayo nayo inalevya. Anayesubiri dakika 40 na kuona kimya, akaongeza kipande cha pili cha keki, atakutana na vyote viwili pamoja. Mwalimu anatakiwa kuuchora mchoro wa damu dhidi ya saa kwa njia zote mbili kwenye ukurasa mmoja, aache mwanafunzi aone kwa macho pale ambapo mkono unashawishika kuongeza.

Upungufu wa Maryland, kwa kipimo chetu, unatokana na umbo lake. Mtandaoni unaweza kueleweshwa kilele ni nini. Huwezi kusikia pampu ya HPLC ikianza kuvuta hewa. Na kwa kuwa mlango uko wazi kwa wasio wanasayansi, aliyekuja bila kemia atapata taabu akifika kwenye umbo la molekuli na jinsi dawa ya mafuta inavyotengenezwa ifyonzwe mwilini. Ushauri wetu kwake ni muhula mmoja wa kemia ya jumla na wa kemia ya kaboni kwenye chuo cha jamii kabla ya kuanza. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kukariri miaka miwili usichokielewa.

Kuna jina la tatu ambalo si mshindani wa hayo mawili, ila walimu wa fani hii wanalihitaji: Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford. Tangu 1968 kimelima bangi ya utafiti kwa mkataba na serikali ya shirikisho, na kwa miongo mingi kilikuwa peke yake. Maabara yake pia ilipima bangi iliyokamatwa na polisi mwaka baada ya mwaka, na takwimu zilizochapishwa na timu ya mtafiti wake, ElSohly, zinaonyesha wastani wa THC ukipanda kutoka karibu 4% mwaka 1995 hadi karibu 12% mwaka 2014. Mwalimu anayewapa wanafunzi utafiti wa miaka ya 1990 bila kuwaambia hilo anawapa dozi za mmea ambao haupo tena sokoni.

Walimu wenyewe tunawatofautishaje? Usiangalie kwanza cheo. Angalia anavyojibu maswali matatu. Muulize kuhusu sativa na indika. Anayejua atasema majina hayo ya dukani hayatabiri kemia, na ataigawa mimea kwa kile kinachopimika: yenye THC nyingi, yenye THC na CBD pamoja, yenye CBD nyingi. Muulize kuhusu ile dhana kwamba kemikali za bangi zikiwa pamoja hufanya kazi bora kuliko moja moja. Mwaminifu atakuambia ushahidi kwa binadamu bado ni mwembamba, hata kama wazo linavutia. Kisha muulize kuhusu chokoleti.

Chokoleti, ndiyo. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa Chama cha Wanakemia cha Marekani, David Dawson wa CW Analytical Laboratories alieleza kwamba kadiri chokoleti inavyozidi ndani ya kichupa cha sampuli, ndivyo THC inayopimika inavyopungua, ingawa kiasi halisi kwa kila gramu ni kile kile. Ukiweka gramu 1 badala ya 2 unapata jibu la juu zaidi. Kwa akili ya kawaida sampuli kubwa ingetoa jibu bora, na hapa ni kinyume. Mwalimu wa kemia ya dawa aliye hai kwenye fani yake atalijua suala hili, na atakuonyesha dawa yake: ongeza kiasi unachokijua cha THC kwenye chokoleti isiyo na bangi, pima, uone imerudi asilimia ngapi. Ikirudi 80, mbinu yako si salama kwa chokoleti hata kama ni safi kwa ua.

Tahadhari moja kwa Waswahili walioko Marekani, na hii ni nzito kuliko mengine yote ya hapa. Kusomea bangi darasani si kosa. Kufanya kazi kwenye biashara ya bangi ni jambo jingine. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo unaosema kuajiriwa kwenye sekta hiyo kunaweza kumzuia mwombaji wa uraia kuthibitisha mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeruhusu. Mwenye kadi ya kijani au viza ya mwanafunzi asikubali mafunzo kazini kwenye kampuni ya bangi, hata ya kulipwa kidogo, hata ya maabara, kabla ya kuzungumza na mwanasheria wa uhamiaji. Mshauri wa masomo chuoni huenda hajui hili, kwa sababu wanafunzi wengi anaowahudumia ni raia. Muulize mkuu wa programu mapema kama kuna mafunzo kazini mbadala: kiwanda cha dawa, maabara ya chakula, maabara ya maji. Programu nzuri inayo.

Kwa anayefikiria kurudi nyumbani, kemia hii ina soko bila bangi kuwa halali. Tanzania bangi imepigwa marufuku chini ya sheria ya dawa za kulevya ya 2015, na Kenya chini ya ile ya 1994. Rwanda iliruhusu mwaka 2020 uzalishaji wa bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje tu. Lakini ushahidi wa kesi za dawa za kulevya Tanzania unapimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mashine ni zile zile. Sumukuvu kwenye mahindi na karanga inapimwa kwa HPLC. Dawa bandia zinakamatwa kwa HPLC. Aliyesomea Marquette anaweza kukaa mbele ya mashine hizo wiki ya kwanza. Aliyesomea Maryland bila kemia ya awali atahitaji mafunzo ya maabara kwanza, ingawa kwenye ushauri wa dawa hospitalini yeye ndiye atakayekuwa mbele.

Ukiandika barua ya maombi, usiulize ada pekee. Omba ratiba ya somo la kemia wiki kwa wiki, jina la kila mashine, idadi ya wanafunzi kwa kila mashine, na mfano wa ripoti ya maabara ya mwanafunzi yenye michoro ya vilele na hesabu ya 0.877 ikiwa imeandikwa kwa mkono.